Mbuzi Hakuwa Mwigizaji

Mpendwa Shangazi Rispa,

Nakuomba msaada, na pia nakuomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu hapa Ziwani nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi Zedekiah ni mwigizaji. Nilianza na tamthilia za vitabu vya mitihani, tukizunguka mashuleni na kumbi za makanisa, nimekuwa mfalme nikiwa nimejifunga shuka la mama, nimekuwa hata mti siku mwenzetu alipougua, na sasa huu ni mwaka wa pili niko kwenye televisheni kila Jumatano nikiigiza mtu anayeitwa Ndete, Mkamba mwenye duka na maneno mengi, ingawa mimi kwetu ni Vihiga, na watu wamenizoea hivyo hata mama mboga hunisalimia, "Niaje Ndete, bibi yako ako poa?"

Sasa Shangazi, mchumba wangu anaitwa Kasiva, anauza mikoba ya ngozi soko la Kariokor, tuko pamoja miaka minne, na babake, Mzee Muasya, anachonga wanyama wa mbao kule Shauri Moyo, na tangu mwaka wa kwanza ananiuliza kwa upole nitaleta lini mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwa Wakamba wakishachinjwa mbele ya wazee basi binti ni mke wa mtu, nami humjibu kwa heshima kwamba nitaleta tukimaliza onyesho hili, na onyesho likiisha huwa kuna mazoezi ya lingine, na kwa kuwa yeye ni fundi nilidhani anaelewa mambo ya kazi.

Mwezi wa tisa hadithi ikafika mahali Ndete anaoa. Mwelekezi wetu hapendi mambo ya bandia, akasema anataka mbuzi mzima na wazee wasiohitaji kufundishwa maneno, akauliza nani anawajua Wakamba, nikainua mkono, sijui ni shetani gani aliyeuinua, nikaenda Shauri Moyo nikamchukua Mzee Mutie na wenzake wawili, na huyo Mzee Mutie, Shangazi, ni kaka mkubwa wa Mzee Muasya, yaani baba mkubwa wa Kasiva, lakini ndiye mzee pekee niliyemjua mwenye koti zuri. Mbuzi akachinjwa kweli, wazee wakasema maneno yenyewe kama yalivyo, nyama ikaliwa, nami nikamshika mkono Maurine, anayeigiza mke wangu, ambaye ni mama wa watoto watatu na mumewe alikuwa palepale ameshika taa, nikasema, "Nimeingoja siku hii maisha yangu yote," machozi yakanitoka, na mwelekezi akasema hajawahi kuona mwanamume akilia vizuri namna ile. Mzee Mutie akarudi nyumbani na mguu wa mbuzi, akamwambia ndugu yake, "Leo nimemwoza Zedekiah."

Kasiva sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe afurahi. Akaona kwa jirani, nyumba imejaa watu mpaka mlangoni. Kesho yake nikaenda sokoni nikitarajia sifa, akaniuliza bila kuinua macho, "Yale maneno uliyasema mara ngapi?"

Nikamwambia mara sita, taa ilikuwa inasumbua.

"Basi Maurine ameolewa mara sita," akasema. "Mimi hata moja bado."

Nikakimbilia kwa babake. Akaniambia hana ugomvi nami ila mume wa mtu hawezi kukaa na binti yake sebuleni. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa mchezo. Akasema, "Wewe ulikuwa unacheza, sawa. Wazee walikuwa wanacheza, sawa. Na mbuzi, naye alikuwa anacheza?" Siku ya pili nikampelekea barua ya mwelekezi yenye muhuri, akaisoma yote, akaigeuza nyuma, akaniuliza mbuzi ametia sahihi wapi.

Na sasa kuna mtu anaitwa Musau, dereva wa lori, amepeleka salamu kwamba wazee wake watabisha hodi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na Mzee Muasya hajakataa. Nifanye nini? Nimefikiria kumwomba mwandishi wa mchezo Ndete ampe Maurine talaka hadharani, au nimpeleke Maurine na mumewe wakiwa na cheti chao cha ndoa, au niache kuigiza kabisa, ingawa hilo la mwisho nimeliandika tu uone ninavyoumia. Nampenda Kasiva, Shangazi, na ninampoteza kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Zedekiah, Ziwani

*

Zedekiah,

Nimemaliza kusoma, kisha nimecheka. Sasa tulia nikuambie.

Kwanza, Mzee Muasya hajachanganyikiwa. Mtu aliyechonga simba miaka yote hiyo hajawahi kumkimbia hata mmoja. Anajua kitu na mfano wa kitu kuliko wewe na mwelekezi wako mkiwekwa pamoja. Anachokuuliza, kwa adabu ya kizee, ni kwa nini Ndete alipata mbuzi ndani ya wiki moja na Zedekiah amemkosa miaka minne. Wewe ukamjibu kwa muhuri.

Pili, hebu jisomee mwenyewe. Ulitoka Ziwani kwa miguu yako, ukaenda mpaka kwa baba mkubwa wa Kasiva, ukamtoa nyumbani na koti lake zuri, ili akuozeshe mwanamke mwingine. Njia ya kwenda kule kumbe unaijua. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe, na wewe shukuru kwamba huyu mzee bado anazungumza habari za mbuzi.

Na Kasiva hana shida na Maurine. Kilichomuuma ni yale machozi. Alikaa kwenye nyumba ya watu, majirani wakimtazama usoni, akamwona mtu wake akilia kwa maneno ambayo yeye hajawahi kuambiwa hata bila machozi. Ningekuwa mimi, ningekupiga na mkoba. Pole yangu nampa yeye kwanza, wewe utapata itakayobaki.

Talaka ya kwenye televisheni achana nayo, maana ukitoa talaka umekubali kwamba kulikuwa na ndoa. Maurine mwache na mumewe, wamekuvumilia vya kutosha. Kuigiza usiache, hakuna aliyekuomba uache. Na Musau usimchukie. Anaendesha lori wiki nzima na bado amepata siku ya kutuma wazee.

Fanya hivi. Leo, si kesho, nenda Kariokor umwombe Kasiva msamaha mbele ya wateja wake. Usijipange. Kama neno limekukwama, likwame, atalingoja. Ukitoka hapo pita kwa Mzee Mutie. Amekula nyama yako, hawezi kukufungia mlango, naye atakuwa na haya kidogo kwa nduguye, kwa hiyo mwombe akutangulie. Kisha mpigie simu babako Vihiga aje na ami zako, na mbuzi wote watatu uwachague wewe mwenyewe, ukiwashika kamba kwa mkono wako. Mfike Shauri Moyo Jumamosi inayokuja, kabla ya wazee wa Musau kufua mashati. Mzee akikuuliza mkeo hajambo, inamisha kichwa umwambie ndiye uliyemfuata hapo kwake.

Najua unachotaka kuniandikia. Jumamosi kuna kurekodi, mwelekezi ni mkali, watu wote wanakutegemea. Mwambie Ndete anaumwa. Zedekiah anaoa.

Shangazi Rispa