Mbwa Wangu Amechuja Rangi, Sasa Nimwamini Vipi?

Mshauri wangu mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama hujanizidi basi ipokee tu, maana mimi wa leo sina hata nguvu ya kubishana salamu. Naomba unisaidie. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nakata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Nyakato, na mtaani kwetu wezi wa kuku wamezidi, ndipo mke wangu Selina, ambaye ni fundi cherehani, akaambiwa na mama mmoja wa Kihindi anayemshonea, Champaben, kwamba jike lake la mbwa aina ya Labrador limezaa, aende achague mtoto mmoja bure. Watoto walikuwa watatu, mweusi, wa kahawia na wa njano, nami nikamwagiza alete mweusi kwa sababu kila mtu anajua mbwa mweusi ni mkali, wa njano ni mpole na wa kahawia ni mbishi, akaenda akarudi na wa njano. Nikamuuliza, "Mama Mayala, huu ndio weusi?" Akasema, "Baba Mayala, yule mweusi nimemgusa tu akajikojolea, akakimbilia chini ya kabati. Huyu amenifuata mwenyewe." Nikamwambia rudisha, sikuoa mwanamke wa kunibishia mambo ya mbwa. Akambeba akatoka, jioni akarudi na mweusi tii.

Mshauri, yule mbwa alikuwa simba! Natoka alfajiri, narudi giza limeingia, na kwa mgao huu wa umeme nilikuwa namwona kwa kibatari tu, lakini hata kwa kibatari ukali ulionekana, akibweka nasema mnaona, rangi hiyo! Suruali yangu ikawa inachafuka weusi kila akinirukia, nikamuuliza mke wangu, akasema Labrador halisi hupukutisha rangi akiwa mdogo, nikaamini, tena nikawasimulia wenzangu kazini.

Jumapili moja baada ya misa nikampeleka mwaloni Kirumba wenzangu wamwone. Alipoliona ziwa akanichomoka na kamba yake akajitosa, maji yakawa meusi kama wino, akatoka wa njano kama andazi, akajikung'uta juu ya shati langu la kanisani. Mama mmoja muuza dagaa akapiga kelele, "Kaka, mbwa wako amechuja!" Mwalo mzima ukacheka, na tangu siku hiyo kiwandani naitwa Bwana Kuchuja.

Nyumbani Selina akakiri kwamba siku ile hakwenda kokote, alikaa kwa jirani akampaka mbwa masizi ya sufuria na mafuta ya mgando, na akawa anampaka upya kila yakififia, huku akicheka. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba tangu awe wa njano mbwa amelainika kabisa, juzi kaja msoma mita akalambwa mikono yote miwili. Nimemwambia mke wangu mbwa arudi kwa Champaben tupewe yule mweusi, amesema mbwa akiondoka wanaondoka wote kwenda kwao Sengerema, na mzigo ameshafunga. Je, nimbadilishe mbwa? Na mwanamke anayepaka mbwa masizi, nimfanyeje?

Aliyechujiwa, Nyakato.

MSHAURI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa shati. Kwa hayo mengine sina pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nacheka. Mbwa aliyekuwa simba na mbwa aliyemlamba msoma mita ni yule yule, mwenye koo lile lile. Alipokuwa na masizi akibweka ulisikia ukali. Sasa akibweka unasikia andazi. Kilichobadilika ni masikio yako.

Hata hivyo nilimuuliza bwana mifugo, usije ukasema ni maneno ya wanawake. Anasema tabia ya mtoto wa mbwa hutoka kwa wazazi wake na jinsi alivyoshikwashikwa na watu akiwa mdogo. Rangi ni koti tu. Ukienda kuchagua, mwangalie mama yake kwanza, kisha mchukue mtoto anayekufuata bila woga, si yule anayejificha. Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe uone nani alifanya hivyo na nani alimfukuza mlangoni. Tena Labrador kwa asili ni mbwa wa kuwaokotea wawindaji ndege majini, rafiki wa kila mtu. Kazi ya kumng'ata mwizi hataiweza, awe mweusi au mwekundu, ila kubweka anaweza, na mwizi hasimami kuuliza moyoni mwa mbwa kuna nini.

Wewe Selina, najua unasoma hapo begani kwake. Mbwa hujilamba, na masizi yote hayo yameishia tumboni mwake. Usirudie. Siku nyingine mumeo akikataa kusikia, mwite mshenga wenu, usiende jikoni kuchukua sufuria.

Baba Mayala, fungua ule mzigo kwa mikono yako, rudisha nguo za mkeo kabatini, na umwambie alichagua vizuri. Sema kwa sauti, kama ulivyosema "rudisha". Jumatatu omba ruhusa kazini, mpelekeni mbwa akachanjwe kichaa. Nendeni wote wawili: Selina amshike mbwa mdomo, na wewe ushike wa kwako.