Bangili Iliyoteleza

Mjukuu wangu Somoe,

Hapa Lionja hatujambo. Babu yako anaokota korosho huku akiulalamikia mgongo. Umeniuliza utamjuaje mgonjwa asiyekula vizuri, naye hasemi.

Nilipokuwa muuguzi kijana kule Ruponda, nilimuuliza mama mmoja, "Jana nyumbani mlipika nini?"

"Ugali na kuku."

Nikaandika kwamba anakula vizuri. Alipoinua mkono kufunga kilemba, bangili yake ikateleza mpaka kwenye kiwiko, mkono ulivyokonda. Nikamuuliza alipata kipande gani.

Akacheka kidogo. "Kuku alikuwa wa wageni, mwanangu. Mimi nilipika tu."

Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeulizia sufuria, nikaisahau sahani yake.

Nawe juzi kwenye simu ulisema umewapikia wenzako wali na samaki. Wewe ulikula, Somoe?

Bibi yako