Mkataba wa Profesa Umegoma Kufunguka

Shoga, acha unachofanya. Yule tunayemwita Profesa, mkuu wa kompyuta, leo kaumbuka.

Unakumbuka alivyopiga marufuku karatasi, kila faili likae kwenye hifadhidata yake? Sasa mkataba wake unaisha leo. Bosi kamwita aufungue, asaini kumwongezea muda.

Haufunguki. Kompyuta inaandika wazi: faili ni kubwa kuliko kiwango kinachoruhusiwa kupita. Profesa hasomi, anafunga tu. Eti mtandao. Katuzimia mtandao ofisi nzima.

Wapi. Mwisho kasoma, kaongeza kiwango kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili, kajifuta jasho: "Bosi, kwisha habari."

Bosi kabonyeza. Maneno yale yale. Shoga, yale yale. Kumbe kiwango kinaongezwa pande zote mbili, na kwenye kompyuta ya bosi hakuongeza.

"Kwani kurasa mbili zina uzito gani?" bosi kauliza.

Profesa kabandika picha yake ya suti humo, kubwa kama bango la barabarani.

"Basi niletee nakala ya karatasi."

"Nilizichana zote, bosi."

Bosi kachukua funguo za gari, kasimama mlangoni: "Mimi nasaini ninachokiona."