Oili ya Difu Kiganjani mwa Chizuru

Kwa dada yangu mpendwa Fumie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti hayakusumbui kwa baridi hii. Sisi ni wazima. Ukungu umelala bondeni tangu alfajiri, hata mierezi inaonekana vichwa tu.

Barua zangu huandikwa na binti yangu Chizuru. Hii naandika mwenyewe, usizicheke herufi zangu.

Unajua, dada, fundi wa difu, zile gia za ekseli ya nyuma ya gari, kama mimi hayupo bonde hili lote. Miaka arobaini nafungua nati, natia oili kidoleni, nanusa, nasema ni nzima au imeungua. Watu walitoka mjini kuja kuniona nikinusa.

Chizuru hushindana kwenye uwanja wa mbio wa mlimani, analitelezesha gari konani makusudi mpaka matairi yafuke. Mzunguko wa tatu difu inachemka. Akaniomba tuifungie rejeta ndogo ya kupozea oili na pampu yake: barabarani pampu ilale, oili isipoe mno, uwanjani iamke. Nikamwambia hayo ni mapambo ya watu wasio na pua. Akacheka, akasema haya, Mzee Pua, neno lako ndilo geji yangu.

Jumapili, baada ya mbio, nikanusa kama kawaida. Nikasema ni nzima, twende nyumbani.

Tukateremka ndani ya ukungu kama tunaelea. Nilikuwa nasinzia, namwona marehemu mama akipepeta mchele. Kwenye kona ya daraja difu ikakamata, magurudumu ya nyuma yakawa kama yamefungwa kamba moja, gari likageuka. Liligeuka polepole, dada, nikaona matawi yakipita kiooni moja moja. Tukasimama tunatazama tulikotoka, gurudumu moja linaning'inia juu ya mto.

Hatukuumia. Lakini Chizuru aliniomba radhi, mimi. Alisema kakanyaga mafuta vibaya, hafai tena kuendesha, gari ataliuza.

Siku tatu nilimwacha ajilaumu. Unanijua. Jana nikafungua difu, nikamtilia oili kiganjani, nikamwambia, "Ninusie."

Akanusa. "Imeungua, baba. Hunusi tangu lini?"

Tangu ile homa ya majira ya baridi yaliyopita, dada. Oili, mierezi, wali unaotokota, vyote kwangu ni maji matupu. Hata achari yako ya figili, niliyoisifia harufu barua nzima, sikuinusa. Nilidanganya. Nisamehe.

Leo tumeitengeneza difu, tumefunga rejeta na pampu. Nati nimekaza mimi, hakuna azikazaye hivyo. Chizuru kanifundisha kusoma geji ya joto, na gari haliuzwi tena.

Msalimie shemeji na wajukuu. Tuletee achari nyingine. Chizuru atanisimulia harufu, mimi nitakula.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Kuramochi Tokuzo