Halbadiri Usiisome, na Yeye Usimwambie

Berea, Johannesburg

Mdogo wangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Jicho linaendeleaje tangu walipokutoa mtoto wa jicho? Unaona mwenyewe maandishi haya, au bado ni yule jirani yako anakusomea? Kama ni yeye, asalaam aleikum na yeye, na akimaliza afunge mdomo. Mimi mzima. Magoti yananiuma kwa baridi ya huku na roho inanichemka, lakini kula ninakula.

Kabla ya yote: nilikwambia usubiri barua yangu ndipo uende kwa shehe akusanye watu waisome Halbadiri, kumwapiza aliyetudhulumu. Barua ndiyo hii. Usiende. Na usikunje uso, kaa kitako usikie. Nimeandika kwa mwandiko wangu huu wa ngumbaro kwa sababu simu yako ukiipokea wanasikiliza ukoo mzima mpaka kuku.

Unajua mjukuu wetu Riziki anacheza magongo ya barafuni. Huku, ndani ya jengo la maduka, kuna uwanja wameutandika barafu. Watoto wanavaa viatu vyenye visu chini, wanagombania kwa magongo kipande cheusi cha mpira, kigumu kama kisigino changu. Siku ya kwanza shule yao ilipowapeleka, wenzake walianguka wakalia, yeye akaanguka akacheka. Tangu hapo hatoki.

Katika timu ya wasichana wanaotajwa ni wawili, Riziki na mwenzake Neema. Baba yake Neema ni Mkenya, anafanya kazi benki, wanakaa mtaa wa Observatory. Kila Jumamosi sisi wenye watoto tunakaa kwenye ngazi na mablanketi, tunawapima kama watu wanaochagua mbuzi wa Idi. Riziki mfupi, ana mbio, haogopi mtu, akikugonga unakaa. Neema mrefu, mpole, anakwenda kama anayetumwa chumvi, lakini kile kipande kinamjua.

"Huyu Riziki atalipwa kwa kucheza, mtaona," anasema mama mmoja wa Kikongo.

"Atavunjika mguu kwanza," anajibu mwenzake. "Mimi niko na Neema."

Tunabishana mpaka chai inapoa. Ulikuwa ubishi wa raha.

Halafu akaja Mzungu kutoka Kanada, mtafuta vipaji. Anataka msichana mmoja ampeleke shule ya kwao, asome na acheze, na akiiva aingie kwenye timu zinazowalipa wanawake mshahara. Mmoja tu, Mwanaidi. Siku ya kwanza alipomwona Riziki anamkata mtu mbio alisimama wima. Jumamosi iliyofuata hakumtazama hata kidogo. Mtoto alikimbia mpaka akatapika, mtu anatazama dari.

Neema ndiye aliyekuja kunong'ona, macho yamemwiva kwa kulia. "Bibi, baba amemwambia yule mzee Riziki ako na miaka kumi na tisa. Amesema cheti ni ya kutengeneza."

Nilihisi mtu amenimwagia uji wa moto kifuani. Mtoto wa miaka kumi na sita anayecheza vile ana mengi ya kuota bado. Wa kumi na tisa anayecheza vile ameshafika mwisho wake, nani atampandisha ndege? Baba Neema alilijua hilo. Yeye ndiye anayekusanya karatasi za watoto wa timu, akaona cheti cha Riziki kimeandikishwa akiwa ameshaota meno ya pili. Sasa wewe niambie, kwetu nani alikimbilia cheti siku mtoto anapozaliwa? Tulikitafuta ilipokuja safari ya huku, kama watu wote. Riziki nilimpokea mimi kwa mikono hii na wewe ukashika beseni. Halafu mtu wa benki aniambie nimeficha miaka mitatu! Niliificha wapi, kwenye upindo?

Sikumtaja Neema, maana mtoto alikuwa ameniamini. Nilisimama palepale kwenye ngazi, kwa sauti uliyokuwa ukiniogopea tangu udogoni: "Jamani mnaonisikia Kiswahili! Kuna mtu amemsemea uongo mjukuu wangu. Simjui. Ninaandika barua Tanga ikasomwe Halbadiri. Mwenye kusema kweli alale salama."

Hiyo ndiyo raha ya Halbadiri, humtaji mtu. Kisomo kinamtafuta mwenyewe. Mama wa Kitanga aliyekuwa mbele yangu alijivuta ushungi. Mrundi mmoja, hata dini si yetu, akasema, "Mimi sijasema kitu, Mama, unajua."

Baba Neema alicheka. "Wacha hiyo, Mama. Sisi ni watu wa kanisa."

"Basi omba, mwanangu," nikamwambia. "Omba sana."

Wallahi barua sikuwa nimeianza, hata kalamu sikuwa nayo. Lakini wiki ile gari lake likamzimikia kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, magari nyuma yanampigia honi, akalisukuma na tai shingoni. Kisha jino likamvimba shavu likawa kama andazi. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mungu anisamehe, na asiponisamehe nitakuwa nimeshacheka.

Jumamosi hakwenda uwanjani. Alikuja hapa kwangu Berea, amepanda ngazi zote maana lifti ni mbovu, amemshika Neema mkono na mfuko wa unga. Nilimpakulia pilau. Neema alikula sahani mbili. Yeye alikitazama kijiko kama kina meno.

"Mama, tafadhali. Hiyo kitu yenu, mmeshaanza kusoma?"

"Kwani wewe inakuhusu nini? Si mtu wa kanisa?"

Mtoto akamtazama. Mwanaidi, nilimwona mtu mzima akitafuta pa kuweka mikono yake.

"Nilisema tu vile niliona kwa karatasi," akasema.

"Ulisema ulivyotaka iwe. Sasa utakwenda kwa yule Mzungu, wote tukiwa pale, useme kwa ulimi uleule. Ndipo nitafikiri."

Akaenda. Nakupa haki yake, alikwenda. Alisema kwa Kiingereza, shavu limevimba, kisha nikamlazimisha aseme tena kwa Kiswahili ili mama zetu wale wasipitwe. Yule Mzungu akauliza maswali, akaongea na mwalimu wa shule ya Riziki, akaitikia kwa kichwa. Akasema basi, awatazame upya wote wawili, huyu timu hii na yule timu ile.

Hapo ndipo penye uchungu, mdogo wangu, na wewe sikufichi. Riziki alikimbia kama nyumba inaungua. Alifunga yeye wa kwanza, nikapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja. Lakini nami nina macho. Riziki anacheza ameinamisha kichwa, analitazama gongo lake kama anatafuta sindano. Neema kichwa kiko juu. Anampa mwenzake kile kipande na hajamtazama, alishamwona zamani. Wenzake wote wakiwa naye wanaonekana wazuri. Wa kwetu akicheza, mzuri anaonekana ni yeye peke yake.

Mzungu akamchukua Neema.

Nilitaka kumrukia. Nilijiambia ule uongo umemkaa Mzungu kichwani, ukisafishwa doa linabaki. Tulipofika nyumbani Riziki akakaa sakafuni anavua soksi, akasema, "Bibi, acha. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Neema ananiona hata akinipa mgongo. Eish, Bibi, mimi hata nikimtazama simwoni."

Ndipo akalia. Nikakaa naye chini, magoti yakipiga kelele, tukalia wawili. Kisha nikampikia.

Yule mgeni alimwambia akijifunza kuinua kichwa atamtazama tena akija. Akija. Ahadi ya mgeni mimi siiweki kabatini. Ila kila jioni tunafanya mazoezi hapa koridoni: nimekunja soksi donge, yeye analisukuma kwa gongo lake kwenye vigae, mimi nimesimama mwisho namwonyesha vidole. Atazame vidole, asitazame donge. Akikosea kuhesabu, chapati moja inarudi jikoni. Sasa anakosa kidogo, na jirani wa chini ameacha kugonga dari.

Sasa sikiliza. Usiisome, kwa sababu kisomo kikimfika mwenyewe hakiwaachi walio nyumbani mwake, na Neema yumo katika nyumba ile na mtoto yule ni wangu, nimemlisha. Lakini baba yake asijue. Kila akiniona ananiuliza, "Mama, umeshawaambia waache?" Namjibu, "Barua iko njiani." Amemwomba Riziki nambari yako ya simu. Akikupigia, msalimie vizuri, muulize habari za watoto, kisha mwambie mashehe wameshatia udhu. Kata simu. Jino limepona, lakini moyo nataka ubaki umevimba mpaka wangu utakaponywea, na wangu bado.

Nitumie doti mbili za kanga kwa mtu wa basi atakaporudi. Moja iwe nzito, ya maneno mema ya kumwombea msafiri. Hiyo ni ya Neema, huko anakokwenda barafu haiko uwanjani peke yake. Ya pili nitafutie iliyoandikwa NJIA YA MWONGO NI FUPI, herufi kubwa.

Nisalimie kaka Bakari, mwambie fundi hachaguliwi kwa bei na paa bado linavuja. Nisalimie wifi Mwajuma na mguu wake. Mkwe wangu Hamza mwambie mkewe, binti yangu, yuko kazini na anakula vizuri. Mbusu yule mjukuu mdogo asiyenijua.

Siku ya kumsindikiza Neema uwanja wa ndege nitamkumbatia mtoto kwanza, kwa dhati. Kisha nitageuka taratibu, kanga imenikaa kiunoni sawasawa, nimpe baba yake mgongo, asome.

Ni mimi dada yako mwenye hasira na mapenzi,
Saumu