Mti wa Dirishani kwa Bibi Yako

Kwako mke wangu mdogo, mwalimu wa chuo kikuu,

Juzi nilifundisha darasa lako. Haya, sikufundisha, nilikaa nyuma nikasinzia. Uliposema "afya ya sayari" nilidhani mjukuu wangu anatibu nyota, nikacheka peke yangu; kumbe ni afya ya watu pamoja na ya dunia wanamoishi.

Kisha ukawauliza wanafunzi wako wa afya ya jamii: "Bibi kizee kazimia kwa joto chumbani. Tiba inaanzia wapi?" Wakajibu dripu, wakajibu vidonge. Ukasema, "Inaanzia juu ya bati. Nani aliukata mti uliotia kivuli?"

Usingizi ukaniruka. Bibi yako alizimia hivyo hivyo, hakuamka, na shoka nililishika mimi. Nawe hukunitazama hata kidogo. Una heshima, mtoto wewe, na una akili za kutisha.

Mama yako anasema wakubwa wa chuo wanataka kulifuta somo lako hilo, eti si la afya, nawe umeanza kukata tamaa. Thubutu! Waambie waje waniulize mimi, niliyeishia darasa la nne.

Ila usijifanye umesahau: nilikufunga karata, ukaniahidi mche wa mti. Ulete. Dirisha la bibi yako bado linapigwa jua.

Ni mimi babu yako, mkorofi yule yule.