Hema la Coralie

Kambi ya likizo, ufukwe wa Bermagui, Australia, Januari 4

Mdogo wangu Coralie,

Usicheke mwandiko, naandikia magotini na mchanga uko kila mahali. Jua kali, maji matamu, chaza wa mwaka huu wanono balaa. Shemeji yako Garry kawala mpaka tumbo likamvuruga. Namwambia, "Si nilikukataza?" Ananijibu, "Nyamaza, lete limao."

Sasa sikia. Tangu tumzike mumeo Des, hii Krismasi ya pili hujaja, na kanuni ya kambi unaijua: nafasi ikikaa tupu mara mbili, wanapewa wengine. Mimi nikakusimamishia hema lenu palepale alipopapenda Des. Kila asubuhi nachukua ile nguo yako ya kuogelea uliyoisahau kwetu, nailowesha baharini, naianika mlangoni.

Jana Barrie, msimamizi, kasimama kaiangalia. "Coralie anaogelea sana, eh? Mbona simwoni?"

"Anaamka kabla yako, mvivu we!"

Kacheka, halafu kasema polepole, "Narelle, Jumapili napita na daftari. Aweke sahihi mwenyewe."

Basi njoo, mdogo wangu. Najua kile kitanda cha pili, cha Des, kitakuumiza. Nitalala mimi hapo, Garry akorome peke yake. Tena sina ujanja mwingine: leo nguo yako nilijaribu kuivaa, Barrie anione kwa mbali adhani ni wewe, ikapasuka matakoni.

Lete nyingine.

Dada yako mwenye mdomo,
Narelle